Sanduku la Maswali ya Python

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa shule katangaza leo: anataka mkuu wa kitengo cha kompyuta. Kazi mbili. Kwanza, kuwajibu walimu wanaojifunza kuandika programu kwa lugha ya Python. Pili, kuandika programu ya kuwatumia wazazi ripoti za nidhamu kwa simu. Atakayefaulu atapata cheo na nyumba ya shule, ile yenye bati jipya nyuma ya uwanja. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Nikasema Python naijua tangu zamani. Naijua tangu mwezi jana. Hilo halikuulizwa.

Nyumba ile lazima niipate. Mwaka wa nne huu mimi na mke wangu tunakaa chumba cha uani kwa mama mkwe. Kikohozi changu kinajadiliwa mezani. Juzi kaniuliza, kwa upole wa kuua mtu, kama wanaume wa kwetu wote huoga muda mrefu hivyo. Mke wangu akacheka. Sijamsamehe.

Mwingine aliyenyoosha mkono ni mwalimu wa hisabati. Mimi namwita Miwani. Kasema Python anaijua kidogo. Wanaosema kidogo ndio wa kuogopwa.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata njia ya kujibu bila kujua. Sanduku la maswali! Nimetoboa boksi la viatu, nimeliweka ofisi ya walimu. Mwenye swali aandike bila jina, atumbukize, jibu kesho ukutani. Nimewaambia swali zuri lazima lilale. Wakilala wao, mimi naliuliza kwenye jukwaa la mtandaoni, asubuhi nalileta jibu kama langu.

Jioni nimepeleka la mwalimu wa jiografia: kwa nini Python huanza kuhesabu na sifuri. Watu wasionijua wakanijibu kwamba swali hili limeshaulizwa, nitafute. Nikapeleka la msimamizi wa maktaba: kwa nini mbili ukijumlisha na mbili inatoka ishirini na mbili. Limeshaulizwa. La tatu wakalifunga nikiwa bado nasahihisha herufi. Hata ujinga wangu si wangu, nimeukuta umeshavaliwa na wenzangu.

Jumatano, 5 Machi

Nimejibu kwa kichwa changu mwenyewe. Sifuri: kompyuta nayo hupiga hatua moja ya kunyoosha miguu kabla ya kazi. Ishirini na mbili: mashine imepata joto, ipumzishwe. Mwalimu wa jiografia kanishukuru kwa dhati.

Miwani alisimama mbele ya ukuta kitambo. Kisha kaenda maktaba kueleza kwamba mbili zile zimewekwa ndani ya alama za kunukuu, kwa hiyo kompyuta inaziona kama maneno, inaziunganisha tu. Msimamizi wa maktaba kazitoa alama, ikatoka nne. Sasa anaiamini kompyuta na haniamini mimi. Fitina tupu.

Ijumaa, 7 Machi

Programu yangu inakwenda. Jana kutwa ilikataa kwa sababu ya nafasi tupu mwanzoni mwa mstari. Lugha gani hii, inagombana na mtu kwa kitu kisichoonekana? Nimeishi na mama mkwe, nimeshazoea.

Leo nimemwonyesha mkuu wa shule. Nikaijaribu kwa mtoto mmoja, ikatoka safi: mtoro, basi. Kaniagiza niwatumie wazazi wote Jumatatu. Miwani alikuwa nyuma yetu, anasoma kioo. Kisha akaenda zake kutafuta karatasi.

Mchana nikakuta swali moja sandukuni, kwa mwandiko wake. Kwamba ukiweka orodha tupu kwenye mstari wa kwanza, pale jina la mtoto linapopokelewa, kwa nini mtoto wa pili anaikuta ina makosa ya mtoto wa kwanza? Nilicheka mpaka machozi. Mwalimu wa hisabati mzima! Nikajibu kwa herufi kubwa: ANAYETAKA ORODHA SAFI AJIFUNZE USAFI. Nikabandika swali na jibu pamoja, na kila mtu anaujua mwandiko wa Miwani. Ofisi nzima ikacheka.

Yeye hakukasirika, na hilo limeniudhi zaidi. Kanifuata mlangoni, kaniomba tuipitie programu yangu, sisi wawili tu, hakuna haja ya mtu mwingine kujua. Nikamwambia kila mbuzi ale kwa urefu wa kamba yake.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu keshapima madirisha ya nyumba ile na kununua kitambaa cha mapazia. Kaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikasema asilimia mia. Akasema amechoka kunong'ona ndani ya ndoa yake mwenyewe. Niliumia. Nikakisifu kile kitambaa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetuma. Bora ningevunjika mkono.

Mzazi wa kwanza kaambiwa mwanawe ni mtoro. Wa pili: mtoro, anasinzia. Wa tatu: mtoro, anasinzia, anang'ata wenzake. Kila mtoto kabebeshwa makosa ya wote waliomtangulia. Na wa mwisho kwenye rejista ni mwana wa mkuu wa shule. Kosa lake halisi moja tu, kuchelewa. Mama yake alikuwa saluni, akausoma ujumbe kwa sauti: mwanawe kang'oa mlango wa choo cha walimu, kamchora mkuu wa shule akiwa na pembe, na madhambi mengine ya shule nzima. Akaja na kichwa nusu kimesukwa, nusu bado.

Mkuu kaniuliza imekuwaje. Nikasema ni mtandao. Miwani kaitwa, kaeleza bila kunitazama: orodha ile tupu huundwa mara moja tu, siyo upya kwa kila mtoto, kwa hiyo wote walijaza moja. Kasema kila anayejifunza Python hukosea hapo, nisifukuzwe. Akarekebisha mistari miwili. Mkuu kampa cheo na funguo palepale.

Nililia chooni, kile kisicho na mlango.

Jumatano, 12 Machi

Miwani kahamia. Kaomba niwe msaidizi wake, atanifundisha kila Alhamisi kuanzia mwanzo. Mwanzo! Nimeshamjua. Kasoro aliiona tangu Ijumaa, akaniuliza swali badala ya kuniambia. Mtu mwema hawi hivyo. Na pale mlangoni alitaka kuniibia programu tu. Nimekataa.

Duka limekataa kurudishiwa kitambaa, kimeshakatwa. Mama mkwe kaniwekea chai bila kusema neno lolote. Kanihurumia. Hilo limeniuma kuliko lile la kuoga.

Lakini sijafa. Nimesikia shule ya jirani inatafuta mtu wa kufundisha lugha nyingine ya kompyuta, mpya, jina lake limenitoka. Nyumba yao ina vyumba vitatu. Nikampigia mkuu wao, nikamwambia hiyo ndiyo lugha yangu hasa, nimeitumia miaka kumi. Akasema lugha yenyewe ina miaka sita. Nikamwambia mimi niliwahi.

Kasema atanipigia. Nimemwambia mke wangu tunahama. Kaendelea kukunja nguo. Safari hii hakuniuliza kama nina hakika. Ameanza kuniamini.