Nimemshtaki Salongo kwa Kosa la Baridi

Leo nimejivika aibu mwenyewe, na mkanda nikafunga. Wenzangu wa kambi, kabla hamjasikia kwa Senga Manjeri, ambaye mdomo wake hauna mlango, sikieni kwangu. Naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo msiniharakishe.

Mnamjua Prossy wangu, yule niliyemzaa tukiwa bado kwenye vile vibanda vya mabati vya polisi. Ndiye aliyeolewa na Denis wa Bukoto, wakaenda kuishi nchi ya theluji. Denis anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Picha zao mmeziona. Nimewaonyesha nyote, hata ambao hamkuniomba.

Mwezi uliopita baba yake Denis naye akapanda ndege kwenda kuona wajukuu. Tunamwita Salongo kwa sababu alizaa mapacha. Mimi safari hiyo sikuipenda, na nilisema. Baba mkwe anakwenda kulala kwenye nyumba ya mke wa mwanawe, nyumba haina kibanda cha pembeni, haina ua, hata kuku hakuna wa kumsingizia anakwenda kumwangalia? Wakaniambia, "Mama, kule vyumba ni vingi." Nikamwacha aende. Lakini jicho sikulifumba.

Kwa nyinyi mliotoka mikoa mingine niwaeleze. Kwetu Buganda, baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani mikono, hawakai mkeka mmoja, na kulala chumba kimoja ni jambo lisilotamkika. Wakivunja, kuna ugonjwa unaingia, unaitwa obuko. Mtu anatetemeka. Mikono inamcheza, kikombe hakifiki mdomoni. Hospitali hawauoni. Dawa yake ni koo mbili kukaa chini na mwenye kosa kusema kosa lake.

Haya. Leo asubuhi namenya matoke, simu inalia. Prossy, kwa video. Kwao jua halijatoka. Nafungua, naona giza na mshumaa. Halafu naona mtoto wangu amevaa kofia ya sufu ndani ya nyumba, sweta juu ya sweta, blanketi juu ya yote.

"Prossy, mbona giza?"

"Umeme umekatika, mama. Mvua ilinyesha ikawa barafu. Imeangusha miti, miti imeangusha nyaya."

Nikamwangalia. Umeme unakatika kwetu hapa. Kule si ndiko tulikoambiwa haukatiki? Na barafu naijua. Mvua ya mawe imeninyeshea mara ngapi, inatoboa majani ya migomba, inapiga kelele kwenye bati, na kabla hujamaliza kulalamika imeshayeyuka. Barafu ya kuangusha mti sijaiona. (Marehemu mume wangu alikuwa mpelelezi. Alipokufa, koti lake alichukua mdogo wake, upelelezi ukabaki kwangu.)

"Na Denis yuko wapi?"

"Amekwama kazini. Barabara imekuwa kioo, magari hayapiti."

Barabara imekuwa kioo. Nikaliweka hilo pembeni.

"Hapo mmekaa wapi?"

"Sebuleni. Tumehamia wote huku kwa sababu ndiko kuna moto. Vyumba vingine tumevifunga, milango tumeiziba kwa mablanketi."

"Moto wa sigiri ya makaa ndani ya nyumba? Mnataka kufa?"

"Si sigiri, mama. Ni wa kuni, uko ndani ya ukuta, una bomba la kutolea moshi."

"Haya. Na hao wote ni nani na nani?"

Akanyamaza. Kidogo tu. Mimi nimeishi na polisi, kunyamaza kwa mtu nakujua.

"Mimi, watoto... na Salongo."

Hapo hapo nyuma yake mzee akakohoa. Karibu, si mbali. Prossy akainua kikombe anywe chai. Jamani, mikono! Chai ikamwagikia blanketi. Meno nayasikia yanagongana mpaka huku Nateete. Nikaweka kisu chini.

Mjukuu wangu Mirembe, ambaye hajajifunza kuficha kitu, akanyakua simu. "Jaja, nyama tumeitoa nje!"

"Nje wapi?"

"Kwenye ndoo, huko uani. Jaja Salongo ndiye ameipeleka. Na amemwaga chumvi mlangoni, nyingi. Na ametukataza kufunga bomba la maji, tuliache lidondoke."

Simu ikakatika. Betri, eti.

Sasa niambieni nyinyi. Giza. Mume hayupo. Baba mkwe na mke wa mwanawe chumba kimoja, na vyumba vingine vimezibwa wasirudi huko. Nyama imetolewa nje kama kafara. Chumvi mlangoni, nani anamwaga chumvi mlangoni asubuhi na moyo wake ni safi? Na mtoto wangu anatetemeka. Baridi sikuifikiria hata kidogo. Baridi ni kitu cha kuvaa sweta, na sweta alikuwa nazo.

Nikampigia Senga Manjeri, wifi yangu, shangazi yake Prossy. Mambo ya ndoa ya mtoto kwetu ni kazi ya shangazi.

"Manjeri, mtoto anatetemeka."

"Anatetemeka vipi?"

"Kikombe hakifiki mdomoni."

Akashusha sauti. "Na baba mkwe?"

"Chumba kimoja."

"Nakuja."

Akaja kwa boda, gomesi, gauni lake la heshima, ameifunga magotini kama anakwenda kulima. Nikampigia pia Teddy, dada mkubwa wa Denis, upande wa pili lazima uwepo. Sikumwambia habari yenyewe. Nilimwambia aje tu, kuna jambo la nyumba zetu mbili. Halafu nikaenda kwa jirani, Mama Furaha, Mkongo anayeuza vitenge, kuazima viti vya plastiki.

"Mama, iko kilio?" akauliza.

"Bado," nikamwambia.

Teddy akafika anang'aa. Amebeba nanasi, mkate na sukari. Maskini alidhani Prossy ana mimba. Akapiga magoti, akatusalimia vizuri sana, mpaka Manjeri akasahau kukunja uso nikamkanyaga mguu. Chai sikumpa. Wanaotujua wanajua: mkwe akikaa kwako bila chai, kuna kesi.

Hatukula kitu, tukangoja jua litoke kwao. Alasiri nikapiga. Simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, spika nimefungua yote. Mama Furaha alikuja kuangalia viti vyake (hakuna aliyekuwa anaviiba), naye akabaki mlangoni.

Prossy akapokea. "Mama, nimechaji kidogo tu kwenye gari, sema haraka..."

"Mpe Salongo simu."

"Kuna nini?"

"Senga wako yuko hapa. Teddy yuko hapa. Mpe."

Uso wa Salongo ukaja. Mzee wa watu amevaa kofia ya Mirembe, ile ya waridi yenye masikio ya sungura. Mimi sikucheka. Mimi niliangalia kidevu. Kidevu kinacheza. Nikaangalia mkono unaoshika simu. Picha yote inatikisika.

Manjeri akanibana bega. "Na yeye anao."

Nikasimama. Mwanamke anasimama akisema neno kubwa. Nikasema, "Sebo Salongo, mimi nakuheshimu. Lakini mtoto wangu anatetemeka, na wewe unatetemeka. Mnalala chumba kimoja. Nyama umeitoa nje, chumvi umeimwaga mlangoni. Obuko umeingia nyumba hiyo na aliyeuingiza ni wewe. Namtaka mtoto wangu arudi nyumbani na wajukuu wangu. Habari ya ndoa tutaizungumza akishafika."

Teddy akashika kichwa kwa mikono miwili. Nanasi likaanguka likabingirika hadi kwa Mama Furaha. Hakuna aliyeliokota. Kule kwenye simu nikamsikia Prossy, "Mama. Mama, nini hiki?" Na sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu anayeona nyumba yake inabomolewa na mama yake mzazi.

Salongo akangoja. Ni mzee mtulivu, hilo siwezi kumnyima.

"Nyabo, umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi ngoja." Akageuza simu. Pale chini kuna mbwa wao mdogo, amevishwa sweta ya mtoto, anatetemeka kama cherehani. "Huyu unamwona?"

"Namwona."

"Anatetemeka, hatetemeki?"

"...Anatetemeka."

"Yeye ni mkwe wa nani?"

Wa kwanza kucheka alikuwa Manjeri. Manjeri wangu! Niliyemwita mimi, anayetakiwa kukaa upande wangu. Akacheka mpaka mkanda wa gomesi ukafunguka. Teddy akaanza kulia machozi, sijui ya nini, halafu nikaona ni ya kucheka.

Salongo akaenda hadi mlangoni akatuonyesha nje. Wenzangu, nimeona. Miti yote imevishwa kioo, imeinama kama watu waliobeba mizigo. Mmoja umepasuka katikati umelalia waya. Barabara inang'aa kama sahani. "Pale ngazini," akasema, meno yanagongana, "bila chumvi ningevunja kiuno. Barafu haikai penye chumvi. Nyama iko nje kwa sababu friji imekufa, na nje kuna baridi kuliko friji. Maji yakitulia ndani ya bomba yanaganda, bomba linapasuka. Kuna kingine, nyabo?"

Mtu mwenye akili angekaa. Mimi nikatafuta tundu la mwisho. "Na chumba kimoja?"

 Prossy akamnyang'anya simu.

"Mama, angalia vizuri." Akazungusha. Katikati ya sebule kuna kamba, imetoka ukuta hadi ukuta, na shuka zimening'inizwa juu yake mpaka chini. Upande huu moto, godoro, watoto. Akafunua pembe ya shuka. Upande wa pili, kule mlangoni ambako upepo unapenya, kuna kiti kimoja na blanketi moja jembamba. "Alizifunga mwenyewe kabla sijasema neno. Mablanketi yake mengine amewapa watoto. Nimembembeleza asogee motoni, amekataa. Anasema, 'Mama yako akisikia nimeota moto mmoja na wewe, atakufa.' Hata kukohoa, mama, anakohoa akiangalia ukutani."

Nikakaa. Kiti cha plastiki kikalia.

"Nyabo," sauti ya Salongo ikatoka nyuma ya shuka, "mwanao yuko salama. Na mimi nikirudi nitakuja kukusalimia. Sasa tuache, simu inakufa."

Ikafa. Kabla sijasema hata "nisamehe". Nimebaki nimefungua mdomo mbele ya chupa ya chai.

Chai nimeipika, na mayai nimekaanga. Nimepiga magoti mbele ya Teddy, mimi na magoti yangu haya, nikamwomba asiyapeleke Bukoto. Akaniinua, akaniambia yameisha. Alipopanda boda akageuka, "Mama, na ikinyesha huku kwetu, utuite tena?" Manjeri anacheka hadi sasa, yuko uani. Mama Furaha amechukua viti vyake, akaniambia, "Pole kwa kilio, mama."

Mimi sijaacha ukaidi wote. Desturi ni desturi, na mnajua aliyeishika sawasawa ni nani: mzee aliyekaa penye baridi ili mtu kama mimi asipate la kusema, na mimi nikapata.

Nimemtumia Salongo ujumbe wa sauti. Nimeomba msamaha vizuri, nimelia kidogo, nikamwambia asogee motoni, ruhusa nimetoa mimi. Mpaka sasa haujafika, alama ni moja tu. Msinicheke. Niombeeni umeme urudi kwao, watoto wasigande. Lakini urudi taratibu, maana sijajua nitauweka wapi uso wangu akinijibu.