Kurasa Arobaini za Konza

Jumatatu, 10 Machi 2025

Mwaka huu ni wangu! Naandika nikiwa nimesimama, kwa furaha. Wakati wa chai ya saa nne Madam Munyiva, msanifu mwenye ofisi yetu, ametangaza kwamba usajili wa mtihani wa wasanifu majengo unafungwa Ijumaa ya tarehe 21. Mwenye Kitabu kilichojaa atamtilia saini, aende akafanye. Kisha ametuangalia sisi wawili. Linet kwanza, halafu mimi. Kwangu amekawia kidogo.

Kitabu ni hiki: kila mhitimu anayelelewa na msanifu aliyesajiliwa huandika, wiki kwa wiki, alichokiona saiti. Wiki arobaini. Bila saini ya mlezi hakuna mtihani. Bila mtihani hakuna muhuri. Na bila muhuri wewe ni mtu anayejua kuchora tu.

Hali ya Vitabu katika ofisi yetu, hapa Machakos mjini, juu ya duka la mabati: Linet, miezi kumi na minane kazini, kurasa arobaini, zimebandikwa vikaratasi vya rangi pembeni. Mimi, miaka mitano kazini, kurasa sifuri. Sifuri safi, haina hata alama ya kidole.

Si uvivu! Kila Jumatatu Madam hunituma saiti yetu ya Konza, mabweni ya wafanyakazi, nikague peke yangu. Yeye na Linet huenda Jumatano. Nami kila Jumatatu, chai ikiisha tu, huondoka kwa bidii. Ila miguu hunipeleka Tala, kwenye mitumba. Msanifu asiye na koti la maana ni nani? Nalitafuta koti hilo tangu Juni. Nimekaribia.

Linet ameacha tena gambuti zake mlangoni, zimeganda uchafu mweusi tii. Sijui msichana huyu hukanyaga makaa ya nani. Nimeziruka.

Jumanne, 11 Machi

Nimepata njia! Rahisi ajabu. Nitaandika kurasa zote arobaini kabla ya Alhamisi, siku ya Madam kukaa na kila mmoja wetu saa nzima. Konza ni mbali, nimetumwa huko kweli, na hakuna aliyeniona nikikosa kwenda. Nani atabisha?

Kufikia saa sita nilikuwa nimemaliza wiki tisa. Nikagundua zote ni kalamu moja, wino mmoja, mwandiko mmoja wa mtu aliyekalia kiti kizuri. Nimenunua kalamu sita. Siku za upepo nimeandika kwa mkono wa kushoto. Wiki ya kumi na tisa nimechora mfereji wa maji ya mvua, mzuri mpaka nikaupenda mwenyewe.

Niseme kwa nini nautaka muhuri, maana shajara hii haisomwi na mtu. Kanisa letu la Kola litajengwa upya. Lile la zamani alilijenga marehemu baba, fundi Kitheka, tofali kwa tofali, na jina lake halipo popote pale. Kamati inatafuta wa kuchora jipya. Mama amewaambia ni mimi. Ibada ya shukrani ni tarehe 23 na ameshaomba nafasi ya kusimama mbele ya watu. Nautaka mchoro huo kuliko kitu chochote. 

Jumatano, 12 Machi

Kurasa arobaini zimekamilika! Shida moja. Kitabu kinang'aa. Kinanukia duka.

Nimekimwagia chai. Nimekianika juu ya bati. Bado kinafanana na zawadi ya arusi. Ndipo nikakumbuka: saiti ni udongo! Nikaenda nyumbani Kola mchana huu huu, nikapiga magoti shambani karibu na mihogo, nikaanza kupaka. Ukurasa baada ya ukurasa, udongo wetu mwekundu, mzuri, unaoshika. Kidole gumba hapa, kiganja pale, unyayo wa kiatu kwenye wiki ya thelathini na moja. Kazi ya sanaa!

Mama akanikuta. Akauliza kama ninalisha kitabu. Nikamwambia ni mambo ya kitaaluma. Akakishika kwa mikono miwili, akakigeuza geuza, akasema, "Mwana wakwa, kumbe umefanya kazi hivi! Baba yako angeona hii udongo angelia." Macho yake yakajaa machozi.

Niliona haya. Nusura niseme. Lakini aliniletea uji, na mtu hawezi kuungama huku anakunywa uji.

Alhamisi, 13 Machi

Siwezi kuandika. Naandika.

Madam hasomi Kitabu akiwa ameketi. Husoma amesimama dirishani, miwani puani, na wewe unasimama pia. Linet alikuwa mezani kwake akijifanya anapima mchoro. Kurasa kumi za kwanza Madam alizifunua moja moja. Kwenye wiki ya kumi na tisa akaguna kwa namna niliyoipokea kama sifa. Nikaanza kuona muhuri wangu!

Kisha akalowesha kidole kwa maji ya chupa, akasugua doa moja la udongo, akalitazama. Akaniuliza kama hii ni Konza. Nikasema ni Konza yenyewe, Madam. Akauliza msingi tumechimba kina gani. Nikajibu bila kusita kwamba futi tatu zilitosha, udongo ukiwa mwekundu na imara kama anavyouona.

Linet alikohoa. Hakuacha kukohoa.

Madam akanieleza polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia. Konza ni nyeusi. Nyeusi kutoka lango la saiti mpaka macho yanapoishia. Ni ule udongo unaovimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka, unaoinua nyumba na kuivunja katikati. Mwaka mzima kazi yetu pale imekuwa ni kuuchimba na kuuondoa, futi saba, hadi kwenye mwamba. Hakuna mtu aliyefika pale siku moja akarudi na viatu visafi, seuze mara arobaini. Akasema pia kwamba tarehe 30 Desemba saiti ilikuwa imefungwa kwa sikukuu na msimamizi alikuwa kwao, nami nimeandika mafundi kumi na wanane walifika kwa wakati.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alikifunga Kitabu kwa mpira, akakitia kwenye droo. "Ndunda, wewe uko na mkono mzuri sana. Macho ndiyo hujawahi leta kazini." Jumatatu, saa moja asubuhi, Konza, na gambuti.

Gambuti za Linet! Si makaa. Mwaka mzima jibu lilikuwa mlangoni nami naliruka.

Ijumaa, 14 Machi

Mkakati mpya. Nimemwomba Linet aniandikie barua kwamba aliwahi kuniona Konza hata mara moja, kwa mbali, hata mgongo. Amekataa. Ameniambia, "Lakini Ndunda, si ungeniuliza tu? Ningekuchotea hata kopo moja ya hiyo udongo." Halafu akacheka peke yake mpaka wa dukani chini wakatazama juu.

Kopo!  Mtu haokoti mawazo kwa adui.

Ameniazima gambuti za kaka yake. Njama, bila shaka. Anataka niingie saiti kama mchunga ng'ombe. Nimezikataa kwa adabu. Nitavaa koti nililolipata Tala Jumatatu iliyopita, la rangi ya maziwa, na viatu vya ngozi. Nikifika kama msanifu, Madam ataona msanifu.

Jumatatu, 17 Machi

Jana ilinyesha Konza.

Kiatu cha kulia kilibaki hatua ya nne kutoka langoni. Kilizama kwa sauti. Cha kushoto kilikuja, lakini kimekuwa na uzito wa mtoto wa miaka miwili. Koti sitalizungumzia.

Msimamizi wa mafundi ni mzee Kiama, mtu wa Murang'a aliyeoa na kuhamia Yatta. Alinipa mkono akauliza mimi ni nani. Madam akamjibu kwamba huyu ndiye mkaguzi wa Jumatatu, anayekuja kila wiki tangu Juni. Kiama akazunguka nyuma yangu, akaangalia chini, akaangalia tena. "Basi huyu ni malaika," akasema. "Wiki arobaini na hajawahi acha alama ya mguu!" Mafundi walicheka hadi kazi ikasimama.

Adhabu yangu: nichimbe shimo la kupimia udongo, mimi mwenyewe, mpaka mwamba, niandike ninachokiona kila futi. Kiama alinipa sururu, sepetu na gambuti za marehemu fulani. Kufikia saa kumi nilikuwa nimefika futi mbili na kuomba msamaha kwa kila mtu ninayemjua.

Jumatano, 19 Machi

Nani aliwahi kuniambia kwamba ardhi ina ghorofa kwenda chini? Hakuna! Miaka sita chuoni, hakuna!

Futi ya tatu, nyufa zinazoingia kiganja kizima. Futi ya tano, weusi unaanza kufifia, kuna vijiwe vyeupe vidogo kama chumvi ya mawe. Futi ya sita, kijivu. Na leo saa tano, sururu ikagonga na kurudi ikanitetemesha mpaka meno. Mwamba! Nilipiga kelele. Mafundi walikimbia wakidhani shimo limeniangukia. Kiama akachungulia akaniuliza ninacheka nini.  Nilikuwa nacheka tu, huku matope yakiwa mdomoni.

Nimeandika ukurasa mmoja palepale, nimekalia ndoo, kwa kalamu moja. Madam akaushukia shimoni. Ana miaka hamsini na minane na alishuka kwa ngazi kama mtu anayeenda jikoni kwake. Akachukua tope, akalisokota kati ya vidole likawa uzi mrefu, dalili ya udongo unaovimba, akaninyooshea nilishike. Akasoma ukurasa wangu. Akatoa kalamu.

Amesaini! Wiki ya kwanza! Saini yake ina mkia mrefu, imepita mstari. Mtihani ni mwakani, kwa sababu zimebaki thelathini na tisa. Mfereji wa wiki ya kumi na tisa, akasema, ni mzuri. Atautumia, na safari hii utachimbwa kweli. Linet amesainiwa zote arobaini na Ijumaa anajisajili. Nimempa mkono. Niliubana kidogo, lakini nilimpa.

Kabla ya kuondoka nilimwomba Kiama anijazie udongo mweusi kwenye kopo la rangi, wa ukumbusho. Aliguswa sana. Madam aliniona nikilibeba, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Akamwambia Linet kwamba mwanafunzi anayebeba udongo kwenda nao nyumbani ameanza kujifunza.

Jumapili, 23 Machi

Kola. Kanisa limejaa. Nilikuwa nimeandika maneno ya kuungama kwenye kiganja, yakafutika kwa jasho.

Mama alisimama akiwa na kitambaa chake cha buluu, akamshukuru Mungu kwa mwanawe "akiteki", yaani msanifu majengo. Makofi! Mchungaji akaniita mbele. Nikatazama ukuta wa baba, tofali zake zimenyooka bado. Nikasema. Nilisema kwamba bado sijawa, kwamba mtihani ni mwaka ujao, kwamba nimechelewa kwa makosa yangu mwenyewe.  Mama akakaa chini polepole. Sijawahi kuona safari ndefu hivyo ya mtu kufikia benchi.

Ndipo mzee Kimeu wa kamati, mtu asiyecheka, akauliza kutoka nyuma kama angalau ninaweza kuwaambia msingi wa kanisa jipya uende futi ngapi. Nikatoka nje. Wakanifuata wote! Nikachimbua kwa kisigino, nikalowesha, nikasokota. Uzi ulikatika mara moja. Nikawaambia huu ni mwekundu, imara, hauvimbi. Futi tatu zinatosha, lakini nitachimba shimo kwanza ili niwe na hakika. Mzee Kimeu akaitikia kwa kichwa, akasema baba yangu pia alichimba kwanza. Kamati itaningojea hadi mwakani! Mama alinishika mkono ule wenye udongo na hakuuachia mpaka matangazo yalipoisha.

Katika matangazo: Pasaka ni tarehe 20 Aprili, na Jumatatu yake, kwa kuwa ni sikukuu, kwaya inaenda Kangundo. Sikusikiliza sana. Nilikuwa nachora kanisa kichwani.

Jumatatu, 24 Machi

Siku kubwa! Wiki ya pili! Thelathini na tisa zimebaki na nina moto mwilini. Nitamaliza kabla hata ya Linet kupata matokeo yake!

Asubuhi nilitoka na gambuti mkononi. Lakini nasikia Konza kumenyesha tena, na Kiama anapenda utani. Na koti langu la maziwa limeharibika, ni lazima nipate jingine, msanifu hawezi kusimama kanisani bila koti. Kwa hiyo niko Tala, kwenye kibanda cha chai, na kopo langu liko mezani.

Siku hizi sibahatishi. Najua ghorofa zote za udongo ule, futi kwa futi, na ninatumia kalamu moja tu. Nimepaka weusi, na kwenye futi ya sita nimechanganya jivu la jiko la mama wa chai. Ukiangalia, utaapa nilikuwa shimoni!

Na kwa kuwa mkono ulikuwa umechangamka, nimeandika wiki tano kwa mpigo, nipumzike hadi mwisho wa mwezi ujao. Ya mwisho ndiyo bora kuliko zote. Nimeiacha wazi hapa ikauke: Jumatatu, 21 Aprili. Mafundi wote ishirini na wawili walifika kwa wakati. Kiama alikuwa wa kwanza.