Gauni la Malkia wa Uholanzi

Jamani, leo nimefedheheka. Si kidogo. Nimefedheheka mbele ya wakwe wa mdogo wangu, tena siku ya harusi yenyewe.

Anayeolewa ni Rahma, mdogo wangu. Upande wa bwana harusi ni watu wa kujisikia. Mama yake, Bi Zuwena, siku walipoleta posa alikaa kwenye kochi letu, hapa Kilburn, London, kama anaogopa litamchafua. Nikaapa: siku ya harusi huyu mama atanitazama mie mpaka asahau kula.

(Alisahau kula. Dua zangu hujibiwa kwa njia zake.)

Gauni nililiona kwenye jumba la picha. Kazi yangu ni kutunza wazee, na bi kizee wangu mmoja wa Kizungu hupenda nimsukume na kiti chake cha magurudumu akatazame michoro. Siku hiyo nikakutana na mwanamke ukutani. Gauni la mahameli jeusi, mikono mipana kama mito ya kitandani, kola ya lesi imesimama mpaka masikioni, taji, mkanda wa dhahabu. Anakutazama kama umemkanyagia mkeka na viatu. Mlangoni mwa chumba hicho paliandikwa Uholanzi, nikasema, huyu malkia wao! Nikampiga picha. Pembeni palikuwa na kibandiko cha maelezo, sikukisoma, maana bi kizee alitaka chai. (Na kusoma ni kazi. Mie nilikuwa kazini tayari.)

Nikaenda Southall kwa fundi wangu, Bi Harjit, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, ambaye Kiswahili anakiongea kuliko wanangu.

"Bi Harjit, nataka hili hili. Usipunguze kitu."

"Dada, mimi nakopi kila kitu. Kama kuna nzi kwenye picha, nashona na nzi."

Na kweli. Hata vile vitone vyekundu kwenye mkono wa kulia alivitia kwa shanga, kimoja kimoja.

Rahma alipoliona akauliza, "Dada, mbona vyekundu viko upande mmoja tu?"

"Wafalme ndivyo wanavyovaa," nikamjibu. Sijui jibu hilo nililitoa wapi.

Basi leo mchana nikaingia ukumbini. Wanawake watupu, wamejaa. Kila kichwa kikageuka. Bi Zuwena akaiweka chini sambusa yake. Ningenyamaza hapo, sasa hivi ningekuwa bado nakula ushindi wangu. Lakini mdomo wangu haujui kushinda ukatulia.

"Mashallah, gauni gani hilo?" akaniuliza Bi Zuwena.

"La malkia wa Uholanzi," nikasema, kwa sauti ya kufika meza za nyuma. "Wa zamani hizo. Nimelinakili kwenye picha yake mwenyewe."

Kumbe aliyekaa ubavuni mwake ni mdogo wake, Bi Thuwaiba, na huyo Bi Thuwaiba anaishi wapi? Rotterdam!

"Malkia yupi?" akauliza. "Nimezeekea kule, simjui malkia wa hivyo. Hebu nione."

Nikampa simu. (Kwa mkono wangu! Hakuninyang'anya!)

Mara bwana harusi, Nassor, akaingizwa ukumbini, akaketishwa jukwaani kando ya Rahma. Kumpa sharubati ilikuwa kazi yangu, dada mkubwa wa bibi harusi. Nikapanda jukwaani, trei mkononi, kola masikioni. Nassor akapokea glasi. Muziki ukazimwa ili tupigwe picha.

Ndipo sauti ya Bi Thuwaiba ikatoka kule mezani. Alikuwa ameikuza picha kwa vidole, kibandiko chote anakiona, anasoma huku anatafsiri.

"Si malkia huyu! Ni mwigizaji! Mholanzi amemchora na nguo zake za jukwaani... akicheza kama... mwanamke anayemuua bwana harusi kwenye karamu. Anamtilia sumu, halafu anammalizia kwa kisu." Akaikuza picha zaidi. "Ee Mola wangu. Na hivyo vyekundu mkononi ni damu."

Ukumbi mzima ukautazama mkono wangu. Mie pia nikautazama. Shanga zinameremeta. Bi Harjit hakusahau hata tone.

Nassor alikuwa ameshaifikisha glasi mdomoni. Akaitazama. Akanitazama. Akairudisha kwenye trei polepole, kwa adabu zote.

"Shemeji," akasema, "leo nimefunga."

(Nimefunga! Na kwenye ndevu ana punje ya biriani!)

Sasa ningefanyaje? Nikaichukua ile glasi, nikainywa mimi, yote, kwa mkupuo, waone kwamba ni embe tu. Kola ikanibana kooni. Nikapaliwa. Nikakohoa, nikajishika shingo, macho yakanitoka, nikapiga magoti pale pale mbele ya bibi harusi.

"Yallah!" mtu akapiga ukelele nyuma. "Sumu kweli!"

Viti vikaanguka. Watoto wakalia. Rahma alikuwa anatikisika chini ya mtandio wake, nikadhani analia, kumbe anacheka mpaka wanja unamwagika. Aliyekuja kuniokoa ni nani? Bi Zuwena. Alipanda jukwaani na viatu vyake vya dhahabu, akanitwanga mgongoni mpaka pumzi ikarudi. Kisha akanitazama, akaitazama ile damu ya shanga, akakaa chini sakafuni, yeye na hariri yake, akacheka mpaka akanishika bega asidondoke.

"Nipe namba ya fundi wako," akaninong'oneza. "Lakini mie anishonee bila maiti."

Sasa nimo ndani ya basi. Nimejitolea kwenda nyumbani kumchukulia Rahma sanduku lake (hakuna aliyenizuia). Buibui limekataa kupita juu ya kola, kwa hiyo London nzima inaniona. Nilipopanda, dereva alinitazama juu mpaka chini, akaniuliza kwa upole, "Onyesho limekwendaje?"

"Tulijaza ukumbi," nikamwambia, nikaenda kukaa nyuma kabisa.