Kichwa cha Chumvi

Jumapili, 8 Oktoba 1961. Mtambile.

Nimerudi kutoka Chake Chake na kichwa kipya cha mashine yangu ya santuri, kile chenye sindano. Cha zamani kilikuwa kikikwaruza kama paka mlangoni. Mwenye duka alinionyesha vichwa vya spika mbili, fasheni mpya. Nikamwambia mashine yangu ina spika moja, na yatosha. Akabakisha viwili mezani. Kimoja cha kigae, sauti ya wastani, hakijali joto wala unyevu. Kingine ndani mna kijiwe cha chumvi, sauti kubwa, ila ni cha kudekezwa. Akaniuliza ninakaa wapi. Nikamjibu. Akasema basi nichukue cha kigae.

Nimechukua cha chumvi. Soud, fundi cherehani, ambaye naye hupiga santuri harusini, anacho cha kigae, nami siwezi kuingia harusini na kichwa sawa na cha Soud. Harusi ni Ijumaa, kwa Mzee Duni. Anamwoza binti yake mkubwa, na santuri kanikabidhi mimi. Nikipendeza, nitapeleka posa ya mdogo mtu, Mwanawema. Nikivurunda, nitaendelea kupikiwa na mama mpaka nipate mvi.

Jumanne, 10 Oktoba.

Mvua tangu jana. Mashine inasikika kama mtu aliyejifunika blanketi. Unyevu umeingia kwenye chumvi. Aibu ilinizuia kumwambia Soud, hivyo nikamwuliza kwa niaba ya rafiki yangu wa Kengeja. Akasema huyo rafiki akitie kichwa ndani ya mkebe wa mchele mkavu na kukifunika, wala asithubutu kukianika juani, kitakufa. Kisha akaniomba nimsalimie huyo rafiki, na kumtakia heri ya Ijumaa.

Nimewaza sana. Tangu lini Soud akanitakia heri? Karafuu tunaanika. Nazi tunaanika, dagaa tunaanika, hata magodoro. Ananikataza kwa sababu anajua jua ndilo dawa. Nimemgundua.

Jumatano, 11 Oktoba.

Jua kali. Mama alitandaza majamvi, akamwaga karafuu. Nikakilaza kichwa katikati yake, sindano juu. Mama akauliza ni mdudu gani. Nikamwambia ni mambo ya sauti, hayamhusu. Adhuhuri akakigeuza pamoja na karafuu, kwa reki. Jioni nikakiokota kikavu kabisa, kinanukia vizuri. Sikukijaribu. Nisikichoshe kabla ya siku yake.

Ijumaa, 13 Oktoba.

Sijui niandikeje. Naandika huku nimejifungia.

Wanawake walikuwa ndani, mimi ukumbini, pazia la mlango katikati. Mashine waliiweka upande wao, juu ya kigoda, nami nikiingiza mkono chini ya pazia kubadilisha santuri. Nikaweka ya kwanza. Kimya. Nikabonyeza. Kimya. Nikasikia wanawake wananong'ona, kisha sauti ya Mwanawema ikiuliza kama kweli mimi, Hija, naijua kazi hii.

Hapo akili yangu ikanituma vibaya. Santuri ile naijua yote kwa moyo. Nikaanza na ule mkwaruzo wa mwanzo, shhh, nikaingia na fidla kwa puani, kisha nikaimba kwa sauti ya kike. Wakapiga vigelegele. Nikapata moyo. Nikafumba macho.

Sikuona kwamba Bi Time, shangazi wa bibi harusi, ameinyanyua mashine. Walio uani walikuwa hawasikii vizuri, akawapelekea. Mashine ikaenda uani. Sauti ikabaki mlangoni.

Vigelegele vikakatika. Mimi bado naimba. Pazia likafunuliwa, na mbele yao wote nikaonekana nimekaa kitako, mkono mmoja sikioni, mdomo wazi, machozi ya mapenzi ya mwanamke aliyeachwa yakinitoka. Mwanawema alikuwa mbele kabisa.

Nilitoka bila viatu. Njiani nikapishana na Soud, amebeba mashine yake, wamemwita. Hakucheka. Aliniambia pole. Afadhali angecheka.

Jumamosi, 14 Oktoba.

Sikutoka. Msikitini nitaendaje? Mama kaleta chai, kaniangalia, kaondoka. Halafu nikamsikia jikoni anaimba ile ile, kwa puani. Naona aibu mpaka ya mto ninaolalia.

Jumapili, 15 Oktoba.

Bi Time amekuja, na viatu vyangu mkononi. Nilitaka kupita dirishani. Akaniamuru nikae.

Akasema Mwanawema alicheka mpaka akalia, na tangu juzi hana hadithi nyingine. Kwamba mtu aliyekubali kuaibika hivyo ili harusi ya dada yake isipooze, huyo anamtaka. Mzee Duni naye kaguna, kisha kasema posa ije Ijumaa. Mlangoni Bi Time akanigeukia: "Uje na mdomo wako tu, mwanangu. Hiyo mashine iache kwenu."

Alhamdulillahi. Nimekaa peke yangu nikaipima habari hii. Kilichompendeza Mwanawema ni ile sauti. Na ile sauti niliiga ya wapi? Ya kichwa cha chumvi, siku ya kwanza, kabla ya mvua. Bi Time ni mtu mzima, mambo haya hayajui.

Soud kapita jioni, kanipa bure kichwa chake cha akiba, cha kigae. Nimekikataa kwa adabu. Bado ana wivu.

Kesho alfajiri naenda Chake Chake kununua kingine cha chumvi, niende nacho kwenye posa. Mvua inanyesha tena, kwa hiyo lazima nikianike. Ila safari hii nitakiweka jamvi lake peke yake. Kilichokiua kile ni reki ya mama.