Kengele Niliyomkabidhi Kinyozi

Jumatatu, 3 Machi. Mwaka wa hamsini na moja ugenini.

Kitabu kimefika! Dada yangu mdogo, mwalimu mstaafu, amewaandikia vijana riwaya. Mvulana mtukutu anaiba kengele ya shule na kuiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Baba yake, mpiga kengele, anafukuzwa kazi kwa uzembe na kufa na aibu yake. Mvulana ametoroka zamani. Mwishoni anarudi na kengele mpya, anaipiga uani mwa shule, dada yake anamsamehe.

Nimeimaliza bila kuinuka. Riwaya nzuri. Huyo mvulana simfahamu hata kidogo. Masikio makubwa mno.

Ndani ya bahasha, mwaliko. Uzinduzi ni Jumamosi ya tarehe 15, palepale shuleni. Chini ameandika kwa kalamu: Kaka, kiti cha mbele ni chako. Njoo.

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia simu. Nikasingizia mgongo. Akasema mgongo ulikuwa mzima wakati wa mazishi ya mama. Siku zile kilichouma ni jino. Walimu na kumbukumbu zao! Nikasifia jalada.

Jumatano, 5 Machi

Kosa kubwa. Nilimwazima Kinyozi kitabu, kwa kujionyesha tu. Tulisoma darasa moja, tukaondoka mwaka mmoja, na sasa duka lake liko chini ya chumba changu. Tangu asubuhi anawatangazia wateja kwamba mvulana wa kitabuni ni yeye.

Yeye! Siku ile kazi yake ilikuwa kushika ngazi. Nani alipanda? Nani alikata kamba? Nikashuka nikamwambia hayo mbele ya mteja mwenye povu mashavuni. Mteja akageuza shingo akauliza, kumbe ni wewe, mzee? Nikasema nazungumzia riwaya. Kinyozi akacheka hadi akaweka wembe chini. Mtu mzima hovyo.

Ijumaa, 7 Machi

Wazo! Kinyozi anakwenda nyumbani wiki ijayo kumwona mjukuu wake. Atanibebea kengele. Kengele ikifika, ni kama nimefika mimi.

Nimezunguka soko la vitu vikuukuu mpaka visigino vikawaka. Nimepata moja ya shaba, nzito, sauti safi. Nimeisugua kwa majivu na ndimu hadi nikauona uso wangu ndani yake. Nikaacha kusugua.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemkabidhi. Nimemfundisha na maneno: Kaka yako anasema hii ni kwa ajili ya baba. Akayarudia kama kasuku. Nikamwapisha, mkono juu ya kiti chake cha kunyolea.

Akauliza kwa nini nisiende mwenyewe, maana wanangu wamenipa nauli mara tatu na mara tatu nimenunua redio. Nikamwambia anyoe watu, asininyoe mimi.

Jumapili, 16 Machi

Msaliti!

Dada amepiga simu. Kinyozi alisimama mbele ya shule nzima, akaipiga kengele yangu, akalia, akasema nisameheni, ni mimi. Watu wakapiga makofi. Wanafunzi wakataka saini yake! Mshika ngazi!

Nikauliza kama naye alimsamehe. Akasema ndiyo, maana ndiye aliyekuja.

Ila Kinyozi alipotaka kukaa kiti cha mbele, dada alimzuia. Kina mwenyewe. Kilikaa kitupu mpaka watu wakatawanyika. Ameomba akichukue; sasa kiko sebuleni kwake, karibu na mlango. Hakikaliwi. Anakifuta vumbi tu.

Halafu akauliza, kwa upole, eti kaka, mgongo unaendeleaje?

Nilitaka kusema. Neno lilifika mdomoni kabisa. Nikamwambia ukurasa wa tisini na nane una kosa: ngazi haikuwa ya mbao, ilikuwa ya mianzi.

Akasema ahsante, kaka, atarekebisha toleo la pili. Sauti ilikuwa ya mama kabisa.

Jumatano, 19 Machi

Kinyozi amerudi, amenenepa kwa sifa. Asubuhi nzima sikumsalimia. Mchana nikashuka kunyolewa. Nywele hazijui ugomvi.

Wembe ukiwa shingoni mwangu akasema nisinune, mtu alilazimika kuyasema yale na mimi nilikuwa na mgongo. Kengele wameitundika palepale pa zamani. Inasikika mpaka ng'ambo ya bonde. Nikauliza nani anaipiga. Hajui, hakuuliza. Mtu anasafiri kote huko na hajui la kuuliza!

Nimerudi chumbani nikawaza sana. Nimegundua kosa lilikuwa wapi. Kamba! Nilituma kengele bila kamba. Nitatafuta ya katani, nene, ambayo kisu cha mtoto hakiwezi kuikata. Kinyozi anakwenda tena Desemba. Safari hii nitamwapisha vizuri zaidi.

Mimi sitarudi.