Chungwa la Ghorofa ya Tano

Jumatatu, 4 Machi

Dada Neuza kanipa masharti kabla hata kahawa haijapoa. Nisipopata kazi hadi Pasaka, chumba changu anapewa mpangaji, mimi napelekwa bara kwa binamu Juvenal kuchunga kuku. Kuku! Mimi, Valdecir, mzaliwa wa ufukwe wa Santos! Isitoshe, kuku hawanipendi. Nikamwambia kazi ninayo, haijanifikia tu. Akajibu kwamba mdomo wangu ungekuwa mshahara, tungekuwa matajiri.

Nikakaa dirishani kutwa kutafakari. Huko chini basi likashusha wageni. Wakapiga picha bustani. Wakaenda kutazama pengwini kwenye jumba la samaki. Waliporudi, kila mmoja akageuka, akatazama majengo yetu yalivyolala upande, akacheka, akapanda basi akaenda zake. Hapo ndipo nilipozinduka. Miaka yote hii tunaishi ndani ya kivutio na hatutozi kiingilio!

Jumanne, 5 Machi

Nimeandika kibao, nikakisimamisha karibu na Mfereji wa Tano, wageni wanaposhukia basi: VITU VITATU VYA LAZIMA KUONA SANTOS: BUSTANI, PENGWINI, SAKAFU YA VALDECIR.

Wa kwanza kutokea ni Osmar, jirani wa jengo la Jandaia, na kile kimbwa chake. Alicheka mpaka kimbwa kikabweka. Eti jengo letu limeinama nini, hilo limeinamia tu kuokota sarafu. Eti Jandaia imelipita kuinama kwa shubiri nzima, na kama kuna mtu wa kuitwa kivutio hapa ni yeye. Mtu huyu hata kwenye kasoro anataka namba moja! Nikaendelea kukikaza kibao changu. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Jioni nikapata mtu na mkewe kutoka Minas, huko bara. Wakapanda ngazi wakitweta. Nikaweka chungwa mlango wa jikoni, nikaliachia. Likajiviringisha lenyewe, likapita sebule yote, chini ya sofa, likagonga ukuta wa roshani: pu! Mama yule alipiga kelele za furaha. Akaomba lirudiwe. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Jumatano, 6 Machi

Ushindi! Wageni wamejaa hadi kwenye ngazi. Ili mambo yanoge nimeondoa kabari zote chini ya meza, vitanda na friji. Sasa friji inajifungua yenyewe. Wanaipigia makofi.

Neuza karudi kutoka sokoni, kakuta watu sita wasiojulikana wamelala kifudifudi kwenye zulia lake wakilishangilia chungwa. Nikaona nimtulize kwa kumshirikisha. Nikatoa keki yake ya mahindi, upande mmoja nene, upande mmoja kama karatasi, nikawaambia wageni hivi ndivyo keki zinavyotoka humu. Wakapiga picha. Neuza akawaambia, kwa sauti ya chini, kwamba tangu azaliwe hajawahi kuoka keki iliyo sawa, hata ya harusi yake mwenyewe. Kisha akaingia chumbani, akafunga mlango. Nadhani alifurahi.

Usiku, balaa. Bi Zoraide, mwenyekiti wa jengo, kabandika tangazo kwenye lifti iliyokwama. Kesho mkutano wa wakazi: jengo linyooshwe kwa jeki, au liachwe? Likinyooshwa, nimekwisha. Nimeota kuku.

Alhamisi, 7 Machi

Mkutano ulikuwa ukumbi wa chini. Watu walijaa, maana Bi Zoraide aliahidi kahawa na maandazi ya jibini.

Mzee Aparício wa ghorofa ya pili akasimama, akasema lile analosema kila mwaka: jengo limengoja siku zote hizi, acheni lingoje. Watu wakaitikia, wakaanza kukusanya mikoba yao. Nikaona hoja yetu ni nzuri ila inakosa chumvi. Nikaomba nafasi.

Nilisema vizuri mno. Nikasema wenzetu wa mlimani wana sakafu zilizonyooka, lakini sisi tuna maajabu. Nikasema dunia inakuja kuona tulichonacho, nasi tumelala. Kisha nikatoa chungwa, nikaliweka ukutani nyuma, nikaliachia.

Likapita miguu ya Mzee Aparício. Likapita meza ya Bi Zoraide, likiongeza mwendo. Likatoka mlangoni, likashuka vidato, likavuka njia ya miguu, likaingia chini ya basi la wageni.

Hata maandazi hayakutafunwa. Mzee Aparício, mtu aliyezeeka humu, akauliza polepole: “Kijana, hivi ndivyo ilivyokuwa siku zote?” Nikamjibu kwa fahari kwamba hapana, mzee wangu! Nilipokuwa mdogo chungwa lilikuwa linakomea kwenye nguzo ile ya katikati!

Wakapiga kura. Mikono yote juu, wanataka jengo linyooshwe. Mzee Aparício aliinua miwili. Wa kwanza kabisa kuinua alikuwa Neuza.

Ijumaa, 8 Machi

Neuza anaimba akiosha vyombo. Sijamsikia akiimba tangu awe mjane. Anasema siku jengo litakaposimama wima ataoka keki, atamkaribisha kila mtu, hata mimi, nikipewa ruhusa na kuku. Iliniuma, sitaficha.

Nikashuka bustanini kulia kidogo. Nikamkuta Osmar kwenye benchi, kavimba uso. Kumbe mjinga yule alishaiba wazo langu, kachapisha na vipeperushi! Sasa wakazi wa Jandaia wamesikia habari zetu, nao wameitisha mkutano wao Jumapili, wanyooshe la kwao. Akanishika mkono. “Valdecir, ndugu yangu, wewe una ulimi. Njoo ututetee. Wageni tutagawana.” Hakuniuliza kwetu nilitetea vipi, nami sikutaka kumchosha na habari nyingi.

Jumapili, 10 Machi

Asubuhi. Neuza kashusha begi langu kutoka juu ya kabati. Mwache. Nimekaa siku mbili nikichunguza Alhamisi nilikosea wapi, na nimepata jibu. Chungwa ni dogo. Waliokaa nyuma hawakuona vizuri, ndiyo maana hawakuguswa.

Nimenunua tikiti maji. Mwuzaji kanisaidia kulipandisha begani, maana ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Mkutano unaanza saa kumi.