Kuhusu Toleo la Nne la Programu ya Tanuri, Ambalo Halipo

Kwa Meneja Mkuu,
Kiwanda cha Biskuti, Ipoh

Mheshimiwa Bi Rosmaini,

Natumai u mzima. Mimi ni Lai Kok Weng, fundi wa programu zinazoendesha matanuri yetu, mwaka wa ishirini na sita sasa. Barua yako ya onyo nimeisoma mara tatu, maana sikuamini macho yangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Bwana Hafizul wa makao makuu ameandika skripti inayopekua kila faili la programu na kusoma namba ya toleo iliyomo ndani. Katika kompyuta yangu imesoma 1, 2, 3, 5. Kisha ikaandika kwa rangi nyekundu: "Toleo la 4 limepotea." Halikupotea. Halikuzaliwa.

2. Kwetu Wachina, nne na kifo hutamkwa karibu sawa. Nani mwenye akili timamu atatia kifo ndani ya tanuri la biskuti za watoto? Nilitaka kuandika 3A badala ya 4 kama watu wote, lakini kile kisanduku cha namba ya toleo hakipokei herufi. Basi nikaruka.

3. Lifti ya makao makuu inatoka 3, inakwenda 3A, halafu 5. Mbona mwenye jengo hajaandikiwa kwamba kaiba ghorofa?

3A. Hafizul ananitania mbele ya wapakiaji: "Mjomba Lai, hilo la nne umelinywa na kahawa nini?" Wanacheka hadi wanashika mbavu. Imeniuma, sifichi.

5. Unasema nisipolileta toleo la nne ndani ya siku saba, itachukuliwa kwamba nimewapa washindani wetu programu hiyo, nami nitafukuzwa. Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Naomba skripti ifundishwe adabu: ikifika tatu, iruke hadi tano. Ikifika kumi na tatu, vilevile, iruke hadi kumi na tano. Na tarehe nne ya kila mwezi iwe mapumziko yenye malipo.

Naapa kwa jina la marehemu baba yangu, toleo hilo sikulitengeneza. Lingewashwa hata siku moja, kiwanda kingekuwa majivu.

Nisalimie wote huko ofisini, Hafizul akiwemo.

Wako mtiifu,
Lai Kok Weng

Nyongeza: Nikiwa natafuta bahasha, Hafizul amepitisha skripti yake kwenye matanuri yenyewe. Tanuri la pili linaendeshwa na toleo la 4. Nimekumbuka sasa: nililitengeneza palepale kwenye tanuri mkesha wa mwaka mpya nikiwahi basi, namba ikajijaza yenyewe, nami sikuitazama. Miaka tisa, ndilo tanuri pekee ambalo halijaunguza hata biskuti moja. Naomba mtu asiliguse, wala asiliambie lina namba gani.